Maji ya kisima: Yanafaa kwa udhu, je, yanafaa kunywa?



 Katika somo letu la leo tutazungumzia maji ya visima hapa Arusha na pembezoni mwa Mlima Meru. Nyumba nyingi za Kiislamu, misikiti na madrasa za mkoa huu hutumia maji ya kisima, ama kila siku ama pale bomba linapokauka. Suala tunalotaka kulijibu ni hili: utajuaje kwamba maji hayo ni salama kwa kunywa wewe na watoto wako?

SIFA TATU ZA MAJI

Kila aliyepita madrasa anakumbuka mlango wa tohara. Tulifundishwa kuwa maji yana sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Maji yaliyobaki katika asili yake ni tohara na yanatohirisha. Yakiingiwa na najisi ikabadilisha moja ya sifa hizo, hayafai tena. Tukafundishwa pia hukumu ya maji machache na maji mengi, yaani yale yaliyofika kulatein, ambayo wanazuoni wengi wa zama zetu huyakadiria kuwa ni zaidi kidogo ya lita 200.

Elimu hii ni sahihi na mahali pake ni pale pale. Inajibu swali la ibada: je, maji haya yanafaa kwa udhu, kwa josho, kwa kuondosha najisi? Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaichukua tukaitumia kujibu swali jingine kabisa, la afya. Mtu anachota maji kisimani, anayatazama yako maangavu, anayanusa hayana harufu, anayaonja ni matamu, kisha anampa mtoto wa miaka miwili anywe. Amepima tohara, hajapima usalama.

Mambo makubwa yanayofanya maji ya chini ya ardhi yadhuru hapa kwetu ni mawili: vijidudu na madini ya floraidi. Vyote viwili vinaweza kuwemo kwenye glasi ya maji kwa kiasi cha kudhuru bila kubadilisha rangi, ladha wala harufu.

Kuna kisa mashuhuri katika historia ya tiba. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 katika mtaa wa Soho, jijini London. Daktari John Snow alifuatilia vifo hivyo akagundua kuwa wengi wa waliokufa walikunywa maji ya pampu moja ya Broad Street. Maji ya pampu hiyo yalisifiwa. Alikuwepo mjane mmoja aliyekwishahama mtaa huo, lakini kwa kuipenda ladha ya maji yale alikuwa akiagiza aletewe huko alikohamia. Naye alikufa kwa kipindupindu. Baadaye ilibainika kuwa shimo la maji machafu lilikuwa jirani na kisima kile, umbali usiofika hata mita moja. Ulimi wa yule mama haukumwambia lolote.

HATARI YA KWANZA: VIJIDUDU

Katika mitaa iliyobanana, kama ilivyo sehemu nyingi za Unga Limited, Sombetini au Daraja Mbili, viwanja ni vidogo na vyoo vya shimo ni vingi. Maji ya chooni hushuka ardhini, na maji ya kisimani hutoka ardhini humo humo. Kipimo cha kawaida kinachotumika ni kwamba kisima kiwe si chini ya mita 30 kutoka kwenye choo, na kiwe upande wa juu wa mteremko, si upande wa chini. Pima kwa hatua zako hapo nyumbani, na usisahau kuhesabu choo cha jirani. Ardhi haijui ukuta wa uzio.

Maji yenye kinyesi huleta kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea sehemu kubwa ya nchi, na ulitukumbusha sote kuwa ugonjwa huu haujawa wa vitabuni. Anayetangulia kuumia ni mtoto mdogo, kwa sababu mwili wake huishiwa maji haraka.

Pamoja na vijidudu, maji ya chooni huingiza kemikali iitwayo naitreti. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, ni hatari hasa kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, kwani damu yake hushindwa kubeba hewa ipasavyo.

HATARI YA PILI: FLORAIDI

Hii ndiyo hatari inayotuhusu sana sisi wa Meru. Mlima wetu ni wa volkano, na miamba na majivu yake yana floraidi nyingi. Maji ya mvua yanapopenya na kukaa humo muda mrefu, huiyeyusha na kuibeba. Kwa kawaida madini ya kalsiamu huweza kuikamata floraidi ikatuama, lakini maji yetu yana magadi mengi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo floraidi hubaki ndani ya maji.

Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja. Katika vipimo vilivyochapishwa na watafiti, Mto Ngarenanyuki, upande wa kaskazini mashariki mwa mlima, umepatikana na zaidi ya miligramu 20. Maziwa ya Momella yana mamia ya miligramu. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8, kwa kuwa maeneo mengine hayakuwa na maji mbadala. Baadaye kikashushwa hadi 4, na mwaka 2018 kiwango cha taifa kikawa 1.5. Hivyo basi, kisima kilichopimwa zamani na kuandikiwa kwamba kinafaa, huenda leo hakifai.

Floraidi hufanya nini mwilini? Meno ya kudumu ya mtoto hujengeka ndani ya fizi tangu anapozaliwa hadi anapokaribia miaka 8. Akinywa floraidi nyingi katika miaka hiyo, meno huota yakiwa na madoa meupe kama chokaa, kisha hugeuka manjano au kahawia, na yakizidi hutoboka na kumomonyoka. Doa hilo liko ndani ya jino lenyewe. Mswaki ni sunna na unasafisha kinywa, lakini hauwezi kuliondoa. Kusugua kwa mchanga, majivu au mkaa ni kulimaliza jino. Vijana wetu wangapi wanaficha mdomo wanapocheka, na watu wanadhani hawapigi mswaki?

Meno ni dalili ya nje tu. Maji yenye miligramu 3 hadi 6, yakinywewa miaka mingi, yanaweza kudhuru mifupa: viungo kukakamaa, mgongo kuuma, kuinama kuwa shida. Yakipita 10 kwa miaka mingi, mtu anaweza kulemaa. Mzee anayeshindwa kurukuu na kusujudu huambiwa ni uzee, na huenda ni maji aliyoyanywa miaka arobaini.

MAKOSA TUNAYOYAFANYA

Kosa la kwanza ni kusema, "Sisi tunachemsha, daktari." Nalisikia jibu hili mara kwa mara kwenye chumba cha matibabu. Kuchemsha ni jambo zuri na kunaua vijidudu, lakini floraidi haitoki na mvuke. Chukua lita 10 za maji yenye miligramu 3 kwa lita. Humo mna jumla ya miligramu 30. Ukiyachemsha mpaka yakabaki lita 8, zile miligramu 30 bado zimo zote, na sasa kila lita ina 3.75. Naitreti nayo ni hivyo hivyo.

Kosa la pili ni kusema, "Kisima chetu ni kirefu." Urefu wa kisima kilichojengwa vizuri hupunguza vijidudu. Lakini maji yaliyokaa sana kwenye mwamba wa volkano yanaweza kuwa na floraidi nyingi kuliko ya juu. Kirefu na salama ni maneno mawili tofauti.

Kosa la tatu ni kusema, "Jirani alipima, yake yalikuwa mazuri." Hapa kwetu visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana sana. Majibu ya jirani ni ya kisima cha jirani.

NAMNA YA KUPIMA

Kwanza, ujue pa kwenda. Wizara ya Maji ina maabara zake za ubora wa maji. Mjini waone mamlaka ya maji ya Arusha, AUWSA. Kwa vijijini waulize RUWASA, wakala ulioanzishwa mwaka 2019. Kipo pia kituo cha Ngurdoto, cha Wizara ya Maji, kinachoshughulikia utafiti wa kuondoa floraidi. Uliza gharama kabla, na kama familia moja haiwezi, nyumba tano zinazochota kisima kimoja zichangie.

Pili, uliza vipimo kwa majina. Ukisema tu "nataka kupima maji," unaweza kupewa kipimo kimoja ukadhani umemaliza. Omba vitatu: bakteria wa kinyesi (E. coli), floraidi na naitreti.

Tatu, chukua sampuli kwa utaratibu. Kwa kipimo cha bakteria, tumia chupa iliyotakaswa utakayopewa na maabara. Usiisuuze. Nawa mikono, futa mdomo wa bomba, acha maji yatiririke dakika mbili au tatu, kisha jaza bila kugusa mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko. Iweke kwenye ubaridi na uifikishe maabara siku hiyo hiyo, ikiwezekana ndani ya saa 6. Kwa floraidi, tumia chupa safi ya plastiki, si ya kioo. Hii isuuze mara tatu kwa maji yale yale ya kisima, kisha ujaze. Andika juu yake tarehe, saa na jina la kisima.

Nne, chagua wakati. Vijidudu huongezeka mvua zinaponyesha na mashimo ya vyoo kujaa, kwa hiyo pima wakati wa masika. Floraidi hubadilika kwa misimu katika visima vingine, kwa hiyo ni vema kuipima wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Baada ya hapo, rudia bakteria kila mwaka, na kila mara kisima kinapofurika au kufanyiwa matengenezo.

Tano, yasome majibu. E. coli: isionekane hata mmoja katika mililita 100. Floraidi: isizidi 1.5. Naitreti: isizidi 50. Hifadhi karatasi hiyo pamoja na hati zako za nyumba, kwani ni ya kizazi kizima.

UKISHAPATA MAJIBU

Ikiwa tatizo ni vijidudu peke yake, dawa yake ni rahisi. Chemsha hadi yatokote sawasawa kwa dakika moja hadi tatu, kisha yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko. Au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kichupa, na usubiri nusu saa. Kama huna mkaa wala dawa, jaza maji maangavu kwenye chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga na uzilaze juani saa 6. Siku za mawingu, kama ilivyo Arusha mwezi Juni na Julai, ziache siku mbili. Kisha shughulikia chanzo: funika kisima, kizungushie saruji, na ondoa choo kilicho karibu.

Ikiwa tatizo ni naitreti, usiyakoroge maziwa ya mtoto mchanga kwa maji hayo. Tafuta chanzo kingine.

Ikiwa tatizo ni floraidi, jambo la msingi ni kutenganisha maji. Maji ya kisima hicho yanabaki yanafaa kwa udhu, josho, kufua na kudeki. Kusukutua na kutema hakuna neno. Unayohitaji kuyabadilisha ni yale yanayoingia tumboni tu: ya kunywa, kupikia na chai. Familia ya watu 6, kwa lita 4 kila mmoja, inahitaji lita 24 kwa siku. Kiasi hicho kinapatikana kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni bomba la mamlaka. Mradi mkubwa wa maji wa jiji la Arusha, uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulihusisha kutafuta maji yenye floraidi ndogo nje ya jiji, ikiwemo upande wa wilaya ya Hai. Hata hivyo, omba kuonyeshwa majibu ya vipimo vya maji yanayofika mtaani kwako. Ni haki ya mteja.

Njia ya pili ni mvua, ambayo karibu haina floraidi kabisa. Bati la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 100 hukupa kama lita 3,200, hata ukiondoa inayopotea. Simtanki la lita 5,000 likijaa linatosha familia yetu ya watu 6 zaidi ya siku 200. Yamwage maji ya mwanzo yanayoosha bati, weka chujio, funika tangi, na uyachemshe au uyatie klorini kabla ya kunywa.

Njia ya tatu ni chujio. Kituo cha Ngurdoto kwa miaka mingi kimetumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi maji yanapopita. Yapo pia machujio ya Dk. Askwar Hilonga wa Arusha, aliyeshinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Chujio lolote lina mwisho wake: likishiba floraidi linapitisha maji kama yalivyo, na wewe hutaona tofauti. Kwa hiyo pima maji yanayotoka, si yanayoingia tu.

Hapa Waislamu wengi huuliza: mifupa ya mnyama gani? Swali ni la haki. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunaifuata, mfupa wa mzoga ni najisi na kuuchoma hakuutohirishi. Wanazuoni wa Hanafi wana mtazamo mwepesi zaidi. Lakini usiache chujio kwa shaka tu. Muulize mtengenezaji mifupa imetoka wapi. Mifupa ya machinjio yanayochinja kisheria ipo tele Arusha, na msikiti unaweza kukubaliana na fundi atumie hiyo peke yake. Ukibaki na shaka, peleka suala hilo kwa sheikh wako, ukiwa na majibu ya maabara mkononi.

WATOTO NA JIKONI

Kama maji mazuri hayawatoshi wote nyumbani, anzeni na walio chini ya miaka 8, kwa sababu ndio meno yao yanajengwa sasa. Mama anyonyeshe. Floraidi inayopita kwenye maziwa ya mama ni ndogo sana hata kama yeye anakunywa maji ya kisima hicho, na miaka miwili inayotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 233, ni kinga kubwa kwa mtoto wa Meru.

Na magadi tunayotilia maharage na makande yaive haraka, ya huku kwetu mara nyingi yana floraidi nyingi. Loweka maharage usiku kucha badala yake.

VISIMA VYA MISIKITI

Mwisho, neno kwa kamati za misikiti na wafadhili. Kuchimba kisima ni katika sadaka bora za kuendelea. Kwa kuwa ni ya kuendelea, tuangalie ni nini kinachoendelea. Kisima kilichochimbwa kwa ajili ya udhu, kikawekewa bomba la nje ili majirani wachote, kinanywesha mtaa mzima, Waislamu na wasio Waislamu. Kama hakikupimwa, huenda thawabu aliyoikusudia mfadhili imechanganyika na meno ya watoto wa watu.

Mfadhili anapokuja, kamati iingize gharama ya vipimo kwenye bajeti kabla ya mabomba na kibao cha jina. Kibali cha kuchimba kipatikane Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kama inavyotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Majibu yakiwa mabaya, kisima hakipotei. Kinabaki cha udhu, na bomba la nje liandikwe kwa herufi kubwa: MAJI HAYA SI YA KUNYWA. Kisha msikiti, ambao bati lake ni kubwa kuliko la nyumba yoyote mtaani, uweke gata na tangi la mvua kwa ajili ya watoto wa madrasa.

Ndugu msomaji, wiki hii fanya mambo mawili. Hesabu hatua kutoka kisimani hadi choo kilicho karibu, chako au cha jirani. Kisha waulize wanaokimiliki kisima unachochota: karatasi ya vipimo iko wapi? Kama haipo, kusanyeni mchango.

Wabillahi tawfiq.